Kiraka Cheupe cha Kipupwe

Kaniki, ile nguo ya zamani ya buluu iliyokolea, ikilowa maji inanuka. Siwezi kusema ni harufu nzuri, ila si mbaya pia. Ni nzito, ina uchungu kidogo, kama majani yaliyochemshwa katika chungu kikuukuu. Juzi mjukuu wangu alichukua mfarishi wangu wa zamani akaufua bila kuniuliza, akauanika kwenye kamba nje ya nyumba yetu hapa Makole. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Harufu iliponifikia niliuweka ungo chini, na yule binti alipoingia akadhani nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimerudi kwa mama yangu.

Kwa ninyi mliokulia kwenye mablanketi ya dukani, mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye tabaka tatu. Juu ni viraka vilivyoungwa. Chini ni shuka au kanga iliyochakaa lakini bado nzima. Katikati hujazwa matambara laini yaliyochanwachanwa, au sufi kwa aliyejaliwa. Kisha vyote vitatu hushikishwa pamoja kwa mishono inayopita kotekote, ili matambara ya katikati yasikimbilie miguuni na kukuacha kifua kitupu. Mjukuu wangu anasema ni blanketi la mtu aliyeshindwa kuchagua rangi. Nilimwambia ashike adabu yake, lakini nilicheka.

Nilizaliwa Dodoma wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, kabla reli haijafika; ilipofika, hata watu wazima walikwenda stesheni kuitazama tu. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mpagazi tangu ujana wake. Alipita Ugogo mara nyingi na misafara, mpaka safari moja akamwona binti wa Kigogo akiteka maji kwenye kisima cha mchangani, akatua mzigo, na hakuubeba tena. Hivyo ndivyo alivyopenda kusimulia. Mama yeye alisema alitua mzigo kwa sababu alikuwa na homa, na angeweza kutua kwa binti yeyote aliyekuwa na maji.

Dada mkubwa wa Baba, Shangazi Zawadi, alimfuata akajenga karibu na kwetu. Shangazi ndiye aliyemfundisha Mama Kiswahili, akamfundisha kusali, akamfundisha kushona mfarishi. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kufanya jambo nusu, akamfundisha pia miiko yote ya wake za wapagazi. Mumeo akiondoka, usifagie nyumba siku hiyo, utafuta nyayo zake. Usisuke nywele upya mpaka arudi. Na nguo aliyoiacha usiikate. Hata uzi unaoning'inia, uache uning'inie. Pale utakapoikata nguo ya msafiri, alisema Shangazi, ndipo naye atakapoumia mwilini, huko aliko.

Mama alikubali yote, kama mtu anayepokea mzigo kichwani bila kuuliza ndani kuna nini. Lakini kwenye kushona alimpita mwalimu wake, na Shangazi hakufurahi sana.

Nikikumbuka mwaka wa utotoni kwangu, naukumbuka kwa mfarishi. Masika hatukushona. Mikono yote ilikuwa shambani kwenye uwele, na uzi ulioshonwa wakati wa unyevu huoza kabla ya nguo. Tulikusanya tu. Nguo ikichanika, ikamshinda mwenyewe, jirani aliileta, Mama akaitumbukiza kapuni. Baada ya mavuno tulibeba kapu hadi kwenye mto wa mchanga, tukachimba mpaka maji yakatokea, tukafua viraka. Kaniki ilifuliwa peke yake, tena na tena, mpaka iache kutoa rangi, maana kaniki yenye haraka huharibu merikani nyeupe yote iliyo jirani nayo. Hapo ndipo ile harufu ilipokuwa kali kuliko siku zote, na vidole vyangu vilibaki vya buluu mpaka wenzangu wakanicheka.

Kipupwe kilipofika, upepo ukaanza kupita katika nyufa za tembe, nyumba yetu ya udongo, ukipiga mbinja, tulikaa upande wa ukuta usio na upepo tukashona. Mama alitandaza viraka vyote chini kwanza. Alivizunguka, akavihamisha, akavirudisha, na asubuhi nzima ingepita hajashika sindano. "Panga ndipo ukate," alisema. Pembeni aliweka kaniki, kwa kuwa ndiko miguu yenye vumbi na mikono ya watoto inakovuta. Kitambaa kipya hakukiweka kando ya kilichochakaa, kwa sababu kipya kina nguvu na huvuta kikuukuu mpaka kikachanika. Aliniruhusu nipige bandi, yaani ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, halafu yeye alipita na mishono midogo, na mwisho akaichomoa yangu yote. Iliniuma sana kila mwaka.

Kiangazi mifarishi ilifumuliwa upande mmoja, matumbo yake yakatolewa juani, yakapigwa kwa fimbo mpaka kunguni wakaona heri wahame, kisha ikafungwa tena.

Na kila kiraka kilikuwa na mwenyewe. Hiki ni cha bibi fulani, hiki ni cha bwana harusi aliyenenepa. Nilijifunza ujirani wetu wote nikiwa nimelala chali, kidole kikitembea juu ya mfarishi. Nafikiri nilijua viraka vya watu kabla sijazijua nyuso zao.

Kisha vita vikaja. Mimi vita vyenyewe sikuviona. Nilichoona ni maduka ya nguo kuwa matupu. Meli zilikuwa haziji pwani, wakubwa walisema, na bila meli hakuna merikani, hakuna kaniki. Watu walianza kuvaa nguo mpaka ziishe kabisa mwilini, na kapu letu la viraka likakaa tupu. Askari walipita wakichukua mbuzi wa wajomba zangu vijijini, na pamoja na mbuzi zikaenda ngozi tulizokuwa tukilalia.

Halafu wakachukua watu. Reli ilikuwa imeua kazi ya upagazi, na Baba alikuwa akipakua magunia stesheni kama kila mtu, lakini vita vikaifufua kazi ile. Palihitajika mabega ya kupeleka mizigo ya jeshi kaskazini, njia ya Kondoa na kuendelea, ambako reli haikufika. Baba aliandikwa bomani. Siku ya kuondoka alivaa shuka kuukuu, kanzu yake moja akaikunja, akamkabidhi Mama. "Nitunzie," alisema. "Nitaivaa Idi."

Mama hakufagia siku ile. Wala hakusuka nywele miezi yote iliyofuata, mpaka nikawa naona aibu kutembea naye.

Masika yale paa letu la udongo lilivuja, na mchwa, ambao hawajali nani anapigana na nani, walipanda ukutani wakala mfarishi wetu. Hawakuula wote. Walikula katikati, pale panapokaa juu ya kifua. Mvua ilipokwisha tukaufunua, tukakuta tundu ambalo ningeweza kupitisha kichwa.

Mdogo wangu Hamisi alikuwa hajatembea bado. Kipupwe cha mwaka ule kilikuja mapema na kilikuja kibaya, na Hamisi akashikwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha ndani, kinachomkunja mtoto kama jani. Mama alimlaza tumboni kwake, akamzungushia kanga yake mwenyewe, akabaki yeye akitetemeka. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba kiraka, akarudi mikono mitupu, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtoto wake. Alishonea kipande cha gunia kwenye tundu. Gunia ni gumu; halikuchukua siku nyingi likavuta kitambaa kilichochakaa pande zote, na tundu likawa kubwa zaidi.

Katika nyumba yetu ilibaki nguo moja iliyokuwa nzima, imara, na laini kwa kufuliwa miaka mingi, nguo ambayo ingekaa na wenzake wakuukuu bila kugombana. Ilikuwa sandukuni. Mama alijua, na mimi nilijua, na nadhani hata Hamisi alijua.

Mchana mmoja upepo ukivuma, Hamisi alikohoa mpaka akatapika, kisha akanyamaza kwa namna ambayo sikuipenda. Mama akafungua sanduku. Aliitandaza kanzu sakafuni kama alivyotandaza viraka, akaizunguka. Mimi aliniambia niishike ukosi isipeperuke. Alizungumza peke yake kwa Kigogo, lugha aliyoitumia akiongea na Mungu au na mbuzi, na maneno yale ninayo mpaka leo: "Kama ni lazima nimuumize, basi nimuumize mahali ambapo mtu hafi."

Akachagua mkono wa kushoto, maana wa kulia ni wa kulia chakula. Alianza kwa kufumua, kwa mwiba, uzi mmoja mmoja, ili siku moja aweze kuurudisha. Naamini alidhani kufumua si kukata, na kwamba hata miiko ina huruma kidogo. Lakini fundi aliyeishona kanzu ile alikuwa fundi kweli, uzi haukutoka. Hamisi akakohoa tena. Mama akautupa mwiba, akachukua mkasi, akakata kwa mara moja, macho ameyafumba.

Kiraka kile kilikaa vizuri kuliko vyote alivyowahi kushona. Kilikuwa cheupe katikati ya buluu na kahawia. Hamisi alilala chini yake, na kikohozi, taratibu sana, kikaanza kulegea. Leo Hamisi ana wajukuu na anakoroma mpaka majirani wanalalamika.

Shangazi Zawadi alikiona kiangazi, tulipoanika. Alisimama mbele ya kamba kwa muda. Alikijua kitambaa kile. Ni yeye aliyemnunulia mdogo wake ile kanzu. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige. "Wifi," alisema, "nilikufundisha kila kitu isipokuwa kuogopa." Tangu siku hiyo hakula kwetu. Alipita mlangoni akiwa amegeuza uso, na Mama akawa anashtuka kila akisikia miguu ya mtu nje, akingoja kuletewa habari alizoziita mwenyewe kwa mkasi.

Baba alirudi mwishoni mwa kiangazi kile, ardhi ikiwa nyekundu na tupu, watu wakitazama mawingu. Mimi ndiye niliyemwona kwanza na sikumtambua. Niliona mtu mrefu, amekonda, anatembea ameinama upande mmoja. Shuka yake ilikuwa imemfunika bega la kushoto, na chini ya shuka, upande ule, hapakuwa na kitu.

Shangazi alimwahi uani. Alilia kwanza, akamshika kichwa, akamshukuru Mungu. Halafu akaona bega, na huzuni yake yote ikatafuta mtu wa kuiangukia.

"Juma, kabla hujaketi," alisema. "Mkeo aliikata kanzu yako. Upande huo huo. Nilimwonya."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani, kama watu wanavyosimama penye msiba. Hakujitetea. Sijawahi kumwona mtu aliye tayari kuhukumiwa kama mama yangu alivyokuwa siku ile. Baba alimtazama, akamtazama Hamisi aliyekuwa anatambaa kuelekea miguuni kwake bila kumjua. Kisha akamgeukia dada yake.

"Aliikata lini?"

"Kipupwe. Mtoto alikuwa mgonjwa, lakini..."

"Kipupwe hiki kilichopita?"

"Hiki hiki."

Baba akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha mtu mwenye kiu, lakini kilikuwa kicheko. "Basi amechelewa, dada. Mimi niliumia masika, mito imejaa. Nilianguka na mzigo majini, mfupa ukavunjika, ukaharibika, mganga wa jeshi akakata. Wakati huo mke wangu alikuwa bado analima uwele, na kanzu ilikuwa nzima sandukuni."

Shangazi akakaa chini palepale vumbini, kisha akaomba maji ya kunywa. Aliyanywa katika kata yetu, kwa mara ya kwanza tangu alipokiona kiraka.

Baba akaomba kanzu yake. Mama aliileta, akamvika mwenyewe. Ilimkaa kama iliyoshonwa kwa ajili yake. "Fundi gani huyu," alisema Baba, "anayeweza kumpima mtu aliye mbali namna hii?" Hapo ndipo Mama alipolia, na Shangazi akalia, na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa mtoto na nilifikiri yote yamekwisha. Mama alitaka kukifumua kiraka airudishie kanzu. Baba alikataa. Aliivaa vilevile Idi hiyo na Idi nyingine nyingi, mbele ya Wadachi, na mbele ya Waingereza walipokuja baada yao.

Baba alikufa mimi nikiwa mama wa watoto wangu. Baada ya mazishi alikuja mzee mmoja kwa treni kutoka Tabora, jina lake Mzee Maganga, ambaye alibeba mizigo pamoja na Baba njia ile ya kaskazini na hawakuonana tena tangu vita. Nilimpa uji, akanisimulia mambo ya Baba ambayo Baba mwenyewe hakuyasimulia kamwe. Akanieleza jinsi alivyoanguka kwenye mteremko wa mawe, mzigo ukamlalia mkono. Jinsi walivyomkumbatia kwa zamu ili asife kwa baridi, maana upepo ulikuwa unakata kama wembe na hawakuwa na cha kujifunikia.

"Tena na mvua juu," nilisema.

"Mvua gani, mwanangu? Ilikuwa kipupwe. Maji ya kumwosha kidonda tuliyachimba."

Nikamwambia Baba alisema masika, mtoni. Mzee Maganga akafikiri kidogo, kwa adabu, asimvunjie marehemu heshima, akasema labda yeye ndiye amesahau. Lakini hakuwa amesahau. Nilikumbuka swali la Baba pale uani. Tangu utoto nilikuwa nikilikumbuka bila kujua kwa nini: aliuliza kwanza ilikatwa lini, ndipo akasema aliumia lini.

Mama alikuwa ndani, katika eda, amekaa kwenye mkeka na ule mfarishi mapajani. Nilijiuliza kama nimweleze. Wakati ule niliona kwamba kumficha ni kumdharau, nikamweleza yote, polepole, huku nimemshika goti nikiogopa atavunjika.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kidole chake kikipita kando ya kiraka cheupe.

"Mwanangu," alisema, "yule mtu alipofika, nani alimwosha kidonda?"

"Wewe."

"Mkono uliokatwa masika haubaki unatoa maji mpaka mwisho wa kiangazi. Nilijua siku ileile, kabla uji wake haujapoa."

Nikamuuliza mbona miaka yote ile hakumwambia Baba kwamba anajua, wakalia pamoja, wakapumzika.

"Nimwambie nini? Mtu amebeba mzigo toka huko mpaka mlangoni kwangu, kwa mkono mmoja. Ulikuwa wangu, akaubeba yeye. Nimwambie autue?"

Wanasema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Miaka yote nilidhani mimi ndiye kata katika nyumba ile, kwa sababu nilishika ukosi wa kanzu. Kumbe wale wawili walijifunika mfarishi mmoja kila kipupwe, kiraka kile kikiwa juu ya vifua vyao, Baba akijua kwamba amedanganya, na mkewe akijua kwamba amedanganywa, na kila mmoja akinyamaza ili mwenzake apate usingizi.

Kama mwiko ule ni wa kweli, mimi sijui. Nasema siuamini, lakini mwanangu akisafiri, mkasi naufungia kabatini.

Siku ile ya eda Mama alinyoosha kiraka, akaona ukingo mmoja umeanza kuachia. Macho yake yalikuwa hayaoni tena tundu la sindano, akanipa nimtungie uzi. Nilimtungia. Nikamwomba nishone mimi, akakataa, akashona mwenyewe, mishono midogo, sawasawa. Alipomaliza akanirudishia sindano, akasema nichukue mfarishi ule niende nao kwangu, kwa kuwa upepo umeanza.